Sauti Isiyoitikiwa

Sumail alijua kwamba amepotea alipouona kwa mara ya pili mninga ule uliobanduliwa gome na tembo. Mara ya kwanza aliupita akiwa na ndoo iliyojaa maji na moyo uliotulia. Sasa ndoo ilikuwa nusu, jua limeshaegemea upande wa mto Lugenda, na mninga ulikuwa palepale. Akaweka ndoo chini.

Mahali fulani katika pori hilo, chini ya mti mmoja mrefu wa mkongo, shemeji yake Che Bwanali alikuwa amelala chali na paja lililovunjika. Walifika kwenye mkongo ule kabla ya adhuhuri. Bwanali akapanda na mwenge wa moshi, na alipokuwa bado hajaufikia mdomo wa tundu la nyuki, tawi alilokanyaga likakatika. Akaanguka, na nyuki wakamfuata hukohuko chini. Sumail alimvuta pembeni na kuukanyaga mwenge mpaka ukazimika usije ukachoma msitu. Nyuki walipotulia, uso wa Bwanali ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani. Akaomba maji.

"Kijito kiko hapo chini tu," alisema kwa midomo minene. "Niachie shoka. Nenda urudi, mkamwini. Usiende kuoga."

Mkamwini ni mwanamume aliyeoa na kuhamia kwa kina mkewe, na Bwanali alikuwa na namna yake ya kulitamka neno hilo, kana kwamba anatema kokwa. Yeye ndiye kaka mkubwa wa Asiyatu, mke wa Sumail, ndiye mwenye kauli juu ya dada zake na watoto wa dada zake. Sumail, Mmakua kutoka mbali huko mashariki, alikuwa na mwaka wa pili pale kijijini. Alijenga nyumba, alilima, alisuka mikeka, na bado mbele ya Bwanali alikuwa mgeni aliyekuja kula ugali wa watu.

Kijito kweli kilikuwa karibu. Kilichompoteza Sumail ni kurudi.

Na kosa lilikuwa lake. Watu wawili wanapomfuata sego, yule ndege mdogo anayeonyesha asali, anayetangulia hutazama juu. Hana nafasi ya kutazama anakokanyaga, maana ndege akimponyoka macho, safari imekwisha. Anayefuata nyuma ndiye hutazama chini, naye kila baada ya hatua kadhaa hutia jeraha dogo kwenye gome la mti, ili warudi salama. Hata mtoto wa miaka saba kijijini pale anajua. Sumail ndiye aliyekuwa nyuma leo, na panga alikuwa nalo, na hakutia alama hata moja.

Alikuwa amenuna, basi. Asubuhi, walipoingia tu porini, alijaribu kumwita ndege kwa mluzi, kama wafanyavyo kwao. Bwanali akasimama, akamgeukia.

"Hapo unaita ndege au unaita mbwa?"

"Kwetu tunapiga mluzi, shemeji, na asali tunakula."

"Basi wa kwenu kasoma shule nyingine. Huyu wa hapa kafundishwa na baba yangu." Akatetemesha ulimi, kisha akamalizia kwa mguno wa kifuani: brrrr-hm. "Marehemu Che Kandulu alikuwa akiita hivi, wake zake nyumbani wanaitika. Wewe mdomo wako mzito. Tangu uje unajaribu, unatema mate tu."

Ni kweli alikuwa ametema mate tu. Na kabla ya saa kupita, sego alimjia Bwanali, akawapeleka kwenye tundu la kwanza, ambalo halikuwa na kitu zaidi ya masega makavu. Bwanali akamtandikia ndege majani mabichi, akamwekea kipande kikavu kilichojaa vumbi, akasema, "Tusamehe, mzee, leo ndiyo hiyo." Halafu akamtazama Sumail kana kwamba ukavu ule umeletwa na yeye. Ndipo Sumail alipoamua kwamba panga lake halitagusa mti wowote siku hiyo, na anayejua pori na alijue.

Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Sasa alikuwa anazilipia.

Akaita. "Che Bwanali! Shemeji!" Akanyamaza, akasikiliza. Pori la miombo lina kawaida ya kuimeza sauti. Ukiita huku, inaitika huko, na kila upande ni miti ileile yenye unene uleule. Akaita akielekea kilima, akaita akirudi, akaita mpaka koo likamuuma na sauti ikabaki upepo. Hakuitikiwa.

Ndipo hofu ilipomwingia sawasawa, nayo haikuwa hofu moja. Ya kwanza ilikuwa ya simba. Kiangazi kilichopita simba walimchukua mtu aliyekuwa akilinda shamba la mtama, mtu mzima mwenye miguu yake miwili na mkuki. Huyu wa leo hana mguu, haoni, ananuka damu. Jua likizama juu yake akiwa peke yake, habari yake imekwisha.

Ya pili ilikuwa ya watu. Jana jioni, uani, mbele ya mama mkwe na majirani wasiopungua kumi, Sumail alimwambia Bwanali, "Ipo siku mdomo huo utakuponza." Alisema kwa uchungu, kama mtu yeyote anavyosema. Lakini sasa akayasikia maneno hayo kwa masikio yao. Uliondoka na kaka yetu, umerudi na ndoo. Nani angemsikiliza? Asiyatu mwenyewe, na mimba yake ya miezi saba, angemtazama vipi? Akaona wazi kabisa kwamba akirudi bila Bwanali hatakuwa na mke, wala nyumba, na huenda wala uhai.

Akafikiria kukimbia moja kwa moja mpaka kwao, asipite hata kijijini. Alifikiria hivyo kwa muda ambao baadaye hakupenda kuukumbuka.

Kilichomtoa katika mawazo hayo ni kelele juu ya kichwa chake: chakachakachaka, kama kiberiti kinachotikiswa. Sego. Ndege wa kijivu asiye na uzuri wowote, mkia una weupe pembeni, alikuwa juu ya tawi akimpigia kelele. Sumail alimtazama bila hamu. Asali ndiyo kitu cha mwisho alichokitaka duniani.

Kisha akafikiri. Mkongo ule haukupasuliwa. Masega yote yalikuwa bado ndani, nta yote, majana yote, wale watoto wa nyuki, na huyu ndege alikuwa ameusubiri tangu mchana. Hana meno ya kutoboa mti wala moshi wa kutuliza nyuki, anamhitaji mtu. Kama ni yuleyule aliyewafikisha pale, basi hana pengine anapopataka zaidi ya pale. Kama ni yuleyule. Pori lina sego wengi, na matundu ya nyuki hayahesabiki.

Akapiga mluzi. Mazoea. Ndege akakatiza kelele, akainamisha kichwa, akaruka zake, akatokomea.

Sumail alitaka kulia, na kidogo alilia. Kisha akajaribu kule kuita kwa wenyeji. Ulimi ulikuwa mkavu, umeganda kwenye kaakaa. Ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena, ikatoka pumzi. Akaitazama ndoo. Yale yalikuwa maji ya mgonjwa, na yalikuwa yamepungua vya kutosha. Akanywa funda moja, akasukutua, akaona haya kana kwamba anatazamwa, akanywa la pili. Akaulegeza ulimi kama alivyomwona Bwanali akiulegeza, asiusukume, auache upepo uutikise wenyewe.

Brrrr-hm.

Ilitoka nene, yenye mkwaruzo wa koo lililochoka kwa kupiga kelele, na haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya mzee. Akashtuka mwenyewe, akageuka kutazama nyuma. Akarudia, ikatoka vilevile. Mara ya nne kiberiti kikatikisika kwenye matawi upande wa kushoto, na sego akamjia karibu hata akayaona macho yake.

Akamfuata. Mkono mmoja ndoo, mkono mmoja panga, na safari hii alitia jeraha kila mti alioupita, hata usiohitaji. Ndege anaruka, anatua, anamngoja, anapiga kelele. Sumail anaita, anakwenda. Jina la Bwanali hakuthubutu tena kulitaja. Ndege akiogopa kelele ngeni akaondoka, nani atamrudisha?

Walikwenda hivyo hadi kwenye kichaka cha mianzi, kipana na cheusi, majani makavu yamejazana chini hata unyayo hauonekani. Sego akaingia ndani. Sumail akasimama.

Leo asubuhi walimpa ndege kipande cha vumbi. Na wazee wa pande zile wote wana neno moja: sego uliyemdhulumu haachi kukuongoza, ila anabadilisha tu anakokupeleka. Anakupeleka kwa simba, au kwa nyoka swila aliyejikunja, kisha anatua juu ya tawi kutazama. Sumail alikuwa akiyacheka mambo hayo akiwa uani. Hapa hakucheka. Asubuhi hawakupita kwenye mianzi, hilo alikuwa na hakika nalo. Kwa nini ndege amlete kwenye mianzi?

Akaanza kuizunguka. Alitembea pembezoni mwa kichaka huku akiita brrrr-hm, na mara moja, alipokuwa ameinama kupita chini ya mwanzi ulioanguka, alihisi kwamba kuna pumzi ya mtu karibu. Akasimama. Hapakuwa na sauti. Aliita tena, taratibu, akasikiliza kwa mwili mzima. Kimya. Akapita.

Ndege akamrudia kwa ukali, akampigia kelele usoni karibu kumgusa, akaelekea palepale alikotoka. Sumail akamfuata akirudi, akapita pembezoni mara ya pili, akaita mara ya pili, hakuitikiwa mara ya pili. Jua sasa lilikuwa limeshuka kiasi kwamba vivuli vya miti vilimtangulia. Ndege wa aina hii halali porini na mtu. Jua likizama, naye anakwenda zake.

Kisha sego akatua juu ya mti uliochomoza katikati ya mianzi, akanyamaza.

Hapo Sumail alisikia baridi. Sego hanyamazi ila amefika. Na mti ule, alipoutazama vizuri, ulikuwa mkongo, nao ulikuwa na tawi jeupe lililokatika upya. Asubuhi waliujia kutoka upande wa pili, ambako mianzi haipo.

Akaingia kwenye mianzi akiwa ameshikilia ndoo kifuani kwa mikono miwili, panga amelibana kwapani, anaita brrrr-hm kila hatua kwa sababu kunyamaza kulimtisha zaidi. Akatokea penye uwazi, akamwona Bwanali ameegemea shina, uso kama boga, mdomo wazi. Akadhani amekufa. Akapiga hatua nne za haraka, na shoka lililorushwa likapita mbele ya pua yake likichana hewa, likajikita ardhini karibu na mguu wake.

"Sikuitikii," Bwanali alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Sijakuitikia, baba. Rudi ulikotoka. Bado nina watoto wa dada zangu."

"Shemeji, ni mimi."

"Sijakuitikia."

"Ni Sumail. Nimeleta maji."

"Sumail hajui kuita hivyo." Mkono wake ulikuwa unapapasa ukilitafuta shoka. "Hiyo ni sauti ya Che Kandulu. Nimezaliwa nikiisikia, nimeizika mwenyewe. Nenda, mzee wangu. Nitakufanyia sadaka, nitakupikia, lakini nenda."

Sumail akaweka ndoo chini, akaushika ule mkono uliokuwa ukipapasa, akauingiza ndani ya maji. Bwanali akapiga kelele. Vidole vyake vikacheza majini, vikatoka, vikamshika Sumail kwenye kifundo cha mkono, vikapanda mpaka kwenye kiwiko, mpaka begani, mpaka kwenye sikio.

"Wewe una joto," alisema.

"Nina joto na nimechoka. Kunywa."

Akanywa kwa pupa, maji yakimtiririka shingoni. Alipomaliza alibaki akihema.

"Nilikuita wewe mpaka sauti ikanikauka," alisema. "Ukawa kimya. Halafu nikaanza kusikia baba ananiita. Mbali. Kisha karibu. Ulipita hapo mara mbili, nikaziba mdomo kwa mkono. Marehemu akikuita porini ukamwitikia, umekwenda naye. Nani hajui hilo? Nilikuwa nakusikia unahema, mkamwini, na nilikuwa namwomba Mungu upite."

Sumail alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwa mtu huyu, kila mmoja akimsikia mwenzake, na wote wawili wamebana pumzi kwa woga.

"Ila niambie kitu," Bwanali akaendelea. "Ulikuwa na nani?"

"Na nani tena? Peke yangu."

"Usinitanie."

"Naapa. Peke yangu."

Bwanali akasema polepole, "Mara ya kwanza ulipopita, nyuma yako alipita mwingine. Juu ya majani. Ukisimama, anasimama. Mara ya pili vilevile, ila alikuwa amekukaribia. Ndiyo maana nilipata hakika. Nikasema, marehemu wamekuja wawili kunibeba."

Nywele za Sumail zilisimama kichwani. Hakugeuka, kwa sababu shingo ilikataa. Alisikia majani ya mianzi yakilia mara moja, krap, kisha hakuna kitu. Juu kwenye mkongo sego alikuwa ametulia, anangoja fungu lake.

"Kiberiti," alisema Sumail.

"Mfuko wa shati. Wewe nenda, bwana. Jua lipo kidogo. Toka upande ule wa wazi, kimbia. Nyumbani kuna Asiyatu."

"Nikienda nikakuacha ukafa, watasema nimekuua."

"Watasema. Ukikaa tukafa wote, hawatasema neno."

"Sikai kwa ajili yako, shemeji," Sumail alisema, akikusanya vijiti. "Ninaogopa kutembea peke yangu."

Ilikuwa kweli tupu, wala hakuona aibu kuisema. Bwanali aligeuza uso wake uliovimba, kama anayetaka kumtazama.

"Mimi naogopa tangu mchana," alisema. Katika miaka miwili Sumail hakuwahi kumsikia mtu huyu akikiri kuogopa hata mvua.

Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikawaka, ikashika majani, ikafuka moshi mwingi bila mwali. Na moshi ulipoegemea pembeni kidogo, Sumail akamwona. Simba jike, mwembamba, mbavu zinahesabika, ametoka kwenye mianzi palepale alipotokea yeye, amekaa kitako. Hakunguruma. Alikuwa akitazama mguu wa Bwanali.

"Yupo?" Bwanali aliuliza.

"Yupo."

"Anafanya nini?"

"Amekaa."

Sumail alitaka kupiga ukelele. Sauti pekee iliyokuwa imebaki kinywani mwake ni ile aliyoizoea alasiri nzima, na hiyo ndiyo iliyotoka, nene, ya kizee, ikitetemeka kuliko inavyopaswa: brrrr-hm. Simba akatega masikio.

Na hapo, nyuma yake, Bwanali akaitika. Alijiinua kwenye shina, akavuta pumzi na kujibu brrrr-hm kwa nguvu zote zilizosalia, kama mwindaji anavyomjibu mwenzake ng'ambo ya bonde. Sumail akaita. Bwanali akaitika. Mwali mdogo ukachomoza chini ya moshi. Sumail akaokota kuni kwa mkono mmoja bila kuyaondoa macho kwa yule mnyama, akaita, akaitikiwa, na simba akasimama, akageuza ubavu, akaingia kwenye mianzi hatua chache, ambako majani yaliendelea kulia, mara huku, mara kule.

Waliitana hivyo mpaka moto ukashika vizuri, na hata baada ya hapo hakuna kati yao aliyethubutu kuwa wa kwanza kunyamaza.